Kwa nini vyombo vingi vya jikoni huanza na K?

Kuna mchezo tuliokuwa tukicheza darasani mwalimu akichelewa. Mmoja anataja herufi, wengine mnakimbizana kuandika jina la mtu, la mnyama, la nchi na la kitu, yote yakianza na herufi hiyo. Ikitajwa Z, kwenye safu ya kitu watu walikodoa macho hadi mmoja akumbuke zulia. Ikitajwa K, hakuna aliyekwama. Mjanja mmoja aliandika "kitu" kwenye safu ya kitu, tukabishana naye mpaka mwalimu akaingia. Leo ningempa alama zake zote.

Ingia jikoni uhesabu: kisu, kijiko, kikombe, kinu, kifuniko, kikaango, kichujio, kiberiti. Toka uende chumbani: kitanda, kiti, kioo, kitana, kitambaa, viatu mlangoni, ambavyo kimojakimoja ni kiatu. Je, wajua kwa nini K imejaa nyumba nzima hivi?

Kwanza tuwatoe wasiohusika. Kalamu, karatasi, kamusi na kahawa zimetoka Kiarabuni. Kabati na koti ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Hizo zina K kwa bahati tu. Namna ya kuzitambua ni kuuliza wingi. Kalamu mbili ni kalamu, kabati mbili ni makabati, lakini visu viwili si "kisu mbili" wala "makisu". K ya kisu inang'oka, inaingia V. Kwa hiyo hiyo K si mali ya neno. Ni kiambishi, ile ngeli ya KI-VI tuliyokaririshwa shuleni, ambayo wataalamu wa lugha za Kibantu huihesabu kuwa ya 7 na wingi wake wa 8.

Na si yetu peke yetu. Waganda wana eki-, Wanyarwanda iki- au igi-, Wamalawi chi- ya Chichewa, Watswana se- ya Setswana, Wazulu isi- ya isiZulu. Ni ndugu wa tumbo moja na ki- ya Kiswahili. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, watu wa Barawa, kwenye pwani ya Somalia, lahaja yao huiita Chimiini.

Sasa turudi kwa yule mjanja. Chukua shina -tu. Ukiliweka m- unapata mtu, ukiliweka ki- unapata kitu. Ukiliweka u- unapata utu, ukiliweka ji- linasimama jitu la kutisha watoto. Shina ni lilelile, kinachoamua ni mlango ulioingilia. Padri na mwanafalsafa wa Rwanda, Alexis Kagame, aliyaona haya kwenye Kinyarwanda, na mwaka 1956 akajenga juu yake hoja kwamba vyote vilivyopo hugawanyika mara nne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Wapo waliombishia kwamba sarufi si falsafa. Lakini "kitu" ndiyo neno linaloonyesha kazi ya ki- kuliko yote: hapa ndipo vinapowekwa visivyo watu.

Hasa vile vya kutumia mikono. Ukiwa na kitenzi na unataka jina la chombo cha kufanyia kazi hiyo, mara nyingi utapita njia ya ki-. Kufunika kunatoa kifuniko, kuziba kizibo, kukaanga kikaango, kuchuja kichujio, kufuta kifutio, kupima kipimo. Neno kifaa lenyewe ni kile kinachofaa. Si sheria isiyovunjwa: kufagia kulitoa ufagio, kufungua ufunguo. Ila karakana hii haijafungwa hadi leo. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walihitaji jina la kile kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali, nacho kikawa king'amuzi, kutoka kung'amua. Sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, zile kompyuta bapa za kushika mkononi. Kikokotoo kilitoka kukokotoa, yaani kupiga hesabu, ingawa siku hizi mtumishi wa Tanzania anayekaribia kustaafu akilisikia neno hilo hawazii mashine, anawazia kanuni ya mafao yake.

Mbona basi chombo, choo, chumba na chakula havina K? Vinayo, imejificha. Ki- ikikutana na irabu mara nyingi hugeuka ch-, na vi- hugeuka vy-: vyombo, vyoo, vyumba, vyakula. Chakula ni kitu cha kula, basi.

Chumba kinatufungulia kazi ya pili ya ki-, ya kupunguza. Weka pamoja nyumba, chumba na jumba. Shina ni -umba, kinachobadilika ni ukubwa. Jikoni kuna nyungu, chungu na jungu, lile jungu kuu lisilokosa ukoko. Mlima ukipungua unakuwa kilima, mji unakuwa kijiji, mwiko wa kusongea ugali unakuwa kijiko cha chai. Ile -ji- iliyochomekwa katikati ina sababu yake. Mto mdogo ungeitwa "kito", lakini kito tayari ni johari. Mti mdogo ungeitwa "kiti", na hicho tumeshakikalia. Kwa hiyo tunasema kijito na kijiti. Mtaani wengi hawasumbuki na haya yote, wanasema katoto, kanyumba, kagari. Hiyo ka- wala si uhuni wa vijana. Ni kiambishi cha kale cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu kilikiacha na kazi yake ikachukuliwa na ki-.

Udogo ukihamia kwa watu, mambo yanakuwa machungu. Mzee ni heshima, kizee ni tusi. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo: wazee walioyaunda majina haya, naona, walitazama kilichopungua kabla ya kumtazama mtu. Sarufi haikuwafuata mpaka mwisho, maana tunasema kiziwi amefika, si "kimefika". Kilema amehamishwa polepole, kwanza akawa mlemavu, kwenye M ya watu, kisha mtu mwenye ulemavu. Viziwi wa Tanzania wenyewe, lakini, chama chao wanakiita Chama cha Viziwi, CHAVITA, bila kuona haya.

Na kuna ki- ya ukoo, ambayo mimi huipenda zaidi. Mjukuu bado yumo kwenye M. Mtoto wake ni kitukuu, anayefuata ni kilembwe, na baada yake kilembwekeza. Kana kwamba babu anawatazama kwa mbali, na kila kizazi kinazidi kuwa kidogo machoni pake. Kwa nini kiboko na kifaru nao wakaingia kundi hili na miili ile, hapo nadharia ya udogo inabidi ikae kimya.

Ngeli hii ina njaa pia. Kitabu kilitoka Kiarabu, na ki- yake ni sehemu ya shina k-t-b, lilelile lililotupa katibu, katiba na maktaba. Mwarabu akitaka vingi husema kutub. Mswahili alisikia ki-, akaitoa, akaweka vi-, tukapata vitabu. Waganda nao wana ekitabo na ebitabo. Kisa, kutoka qissa, kikawa visa, na sasa inabidi tuitofautishe na viza ya ubalozini. Hata kile kibao cha barabarani cha Waingereza cha "keep left" kiligeuka kipilefti, na mji wenye mizunguko mitatu una vipilefti vitatu.

Kilo ndiyo iliyoponyoka. Nimesimama kwenye maduka mengi, na sijasikia bado mtu akiomba vilo viwili vya sukari.