Swali kwanza, makala baadaye: kazi ya mkutubi wa tiba

Mchana mmoja mwanafunzi wa mwaka wa tano wa udaktari alifika mezani kwangu akitokea wodi ya watoto. Aliniamkia, akavuta kiti, akasema, "Mama, nimetafuta tangu saa nne, hakuna utafiti wowote." Nilipomwomba anioneshe alivyotafuta, nilikuta ameandika maneno matatu, malaria, child na drip, na kichujio cha umri amekiweka kwenye watoto wa miaka 6 hadi 12. Mgonjwa wake alikuwa na miezi 14.

Wengi, hata wanaofanya kazi hospitalini, humwona mkutubi wa tiba kuwa mlinzi wa rafu na mgonga mihuri. Mimi huutumia muda wangu mwingi kutengeneza maswali. Kwa hiyo nilimwambia aiache kompyuta kwanza, anisimulie habari za mtoto. Alikuwa na malaria kali, mikono na miguu imepoa, anahema kwa shida. Daktari mmoja ametaka aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, mwingine amekataa. Hapo sasa tulikuwa na swali, lenye sehemu nne ambazo walimu wa tiba inayozingatia ushahidi huzifupisha kwa herufi PICO: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, na tunatazamia matokeo gani. Sehemu ya mwisho ndiyo huwaponyoka wanafunzi. "Apate nafuu" haitafutiki. Kufariki ndani ya saa 48 kunahesabika.

Baada ya swali huja istilahi. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ndiyo inayoendesha PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, huziainisha makala kwa orodha rasmi ya istilahi iitwayo MeSH, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1960. Matibabu ya kumwongezea mgonjwa maji yamo humo kwa jina la "Fluid Therapy", na umri umegawanywa kwa ukali usiotarajiwa: kichujio kilichoandikwa Child ni cha miaka 6 hadi 12, wa miaka 2 hadi 5 wana kisanduku chao, na wachanga zaidi wana chao. Ukiweka alama kwenye hicho cha Child tu, utafiti uliowahusu watoto wa chini ya miaka mitano pekee hutauona, na malaria huwaua zaidi hao. Kwa upande mwingine, usiidharau lugha yetu: ukiandika "degedege" kwenye PubMed utapata makala, mojawapo ya mwaka 1996 kutoka wilaya ya Bagamoyo.

Tulipotafuta upya tuliukuta utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000. Miongoni mwa waliopewa maji kwa haraka, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, na miongoni mwa wasiopewa, asilimia 7.3. Kijana alikwisha kusimama akimbilie wodini. Nikamrudisha kitini, nikamwuliza ni watoto gani hawakuingizwa katika utafiti huo. Alisoma ukurasa wa mbinu polepole, kisha akasema: wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali. Basi kesho akimkuta mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, asimpelekee takwimu hizi. Uamuzi wa tiba ni wa madaktari wake. Mimi nilitaka tu afike kwao akijua alichoshika kinamhusu nani.

Katika utafiti, gharama ya kutafuta vibaya huwa kubwa zaidi. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, msichana wa miaka 24 mwenye afya njema aliyejitolea kwa utafiti wa pumu alifariki baada ya kuvutishwa dawa ya heksamethonium. Mtafiti alikuwa ametafuta PubMed, ambayo wakati huo ilianzia mwaka 1966, ilhali ripoti za madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilichapishwa miaka ya 1950. Ndiyo maana katika mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, tunaandika kila hifadhidata tuliyopekua, tarehe, na mstari mzima wa maneno yaliyotumika, ili mwingine aweze kurudia hatua zile zile. Kinachonisikitisha ni kwamba watafiti wengi hutujia mhariri wa jarida akisharudisha andiko, wakitaka tuwaandikie utafutaji ambao hakuna aliyekumbuka kuuhifadhi.

Kuhusu kufundisha, sina imani na ile saa moja ya utangulizi ambayo mwaka wa kwanza hupewa katika chumba cha kompyuta, intaneti ikikatika na nywila ya Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya tiba, ikiwa imebandikwa ukutani. Mwanafunzi ambaye hajakutana na mgonjwa hana cha kuuliza. Nilimwomba mkuu wa idara aniruhusu niingie raundi ya watoto mara moja kwa wiki, na nikiwa huko sifundishi chochote. Nasimama nyuma ya wauguzi na daftari, naandika kila mahali mtu anaposema "nadhani". Wiki iliyopita nilirudi na maswali sita. Mawili tayari yameandikwa ubaoni maktabani, na sehemu ya nne ya kila moja nimeiacha wazi waijaze wenyewe.