Poka: kufunua karata ambayo haijatoka sio haki yako

Kuna watu kwenye poka za nyumbani wanaamini ukishatupa karata zako una ruhusa ya kufunua ile ya juu kwenye rundo, eti uone kama ungeshinda. Hapana jamani. Kasino nyingi hazikubali kabisa, inachelewesha mchezo. Nyumbani sawa, ila meza nzima ikubali, raundi iwe imeisha na mgawaji ndo afunue, sio wewe unyooshe mkono wakati wachezaji wawili bado wanabetiana, hapo unawaharibia watu.

Halafu hiyo karata haithibitishi kitu. Tuseme Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili zako na tano za wote mezani: una kopa mbili, mezani zimefunuliwa nne na kopa ni mbili, unatafuta kopa ya tano, imebaki karata ya mwisho: kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, kama asilimia 20 hivi. Mtu kabeti sawasawa na poti nzima (hela zote zilizokwisha wekwa mezani), unatupa, inafunuliwa, kopa! unaanza kujilaumu. Kwa hesabu ya hiyo poti ulitupa vizuri tu, ungelipa moja upate mbili wakati unakosa mara nne kwa kila mara unayopata. Na ukipiga kelele "ingekuwa yangu!" ushamwonyesha mwenzio bure ulikuwa unafukuzia nini.