Kompyuta kuzima ghafla bila ujumbe: tunayoaminishana Tabora, na ukweli wake

Kiangazi kikishika hapa Tabora mjini, kazi inayonijia zaidi ni kompyuta za mezani zinazozima zenyewe. Hakuna onyo wala skrini ya bluu: uko katikati ya barua, mara giza. Mwenye nayo huja na jibu lake tayari: "Fundi, nipigie windo tu, hivyo ni virusi." Kupiga windo ni kufuta Windows na kuiweka upya.

"Ni virusi"

Mara chache mno. Kirusi anataka mashine iwake, ndipo aibe au asambae. Hata Blaster wa 2003, aliyezisumbua sana Windows XP, alitanguliza kidirisha cha kuhesabu sekunde 60. Mashine inayokatika papo hapo haikupata nafasi ya kuandika lolote: ama umeme umekatika humo ndani, ama joto limezidi (kwa prosesa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi) na prosesa imejizima isiungue. Kupiga windo hakugusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kabla ya kufuta mafaili ya mtu, ingia kwenye baiosi (ile menyu ya mashine yenyewe, inayofunguka kabla ya Windows) uiache hapo nusu saa. Ikizima, Windows haina kesi, maana hata haijaamka. Baiosi nyingi huonyesha joto la prosesa. Nikilikuta linakaribia 90 na mashine haina kazi yoyote, nachukua bisibisi.

"Feni inazunguka, joto litoke wapi?"

Steshenari moja ya Ng'ambo ilikuwa na CPU (sisi boksi zima tunaliita hivyo) sakafuni, mlango ukitazama barabara ya vumbi. Feni ilizunguka vizuri tu. Chini yake, mapezi ya aluminiamu yalikuwa yamezibwa na vumbi zito kama sufi, na ile pesti ya kupitisha joto, iliyo kati yake na prosesa, imekauka kama chaki. Nilisafisha, nikapaka pesti mpya, nikamwambia dada mwenye duka aipandishe mezani. Haijarudi.

"Peleka kwa fundi pancha aipulize"

Hapa kuna ukweli nusu. Kompresa hutema na maji, kwa hiyo mwache apulizie pembeni kwanza hadi upepo utoke mkavu. Feni izuie kwa kidole, isije ikazungushwa kupita uwezo wake ikaua beringi. Mimi natumia brashi laini ya rangi.

"Nina stabilaiza"

Stabilaiza hurekebisha volti zikae karibu na 230, haitunzi akiba. Umeme ukikonyeza tu, umezimika. UPS ndiyo yenye akiba, lakini betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na hapo yenyewe inaweza kuwa ndiyo mkosaji. Ichomoe, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani siku nzima, uone. Ikiendelea kuzima, hasa unapoanza kazi nzito, na joto liko sawa, azima pawa saplai nyingine (kile kiboksi cha ndani kinacholisha mashine umeme) ujaribu. Ile ya zamani usiifungue kwa udadisi: ndani kuna kapasita zenye volti zaidi ya 300, na hukaa na chaji hata waya ukishachomolewa.

"Windows imeandika kosa namba 41"

Watu huiona hiyo kwenye kumbukumbu za mfumo wakakimbilia kununua vifaa. Huandikwa mashine ikishaamka, na inachosema ni kwamba mara ya mwisho haikuzimwa vizuri. Hilo ulikuwa unalijua. Ila kama haizimi bali inajiwasha upya, ondoa mpangilio wa Windows wa kujiwasha baada ya kosa. Huenda skrini ya bluu ilikuwepo, ikapita kabla hujaiona.

Na ikizima kila mara sekunde nne au tano baada ya kuiwasha, tazama kitufe. Ukikishikilia muda huo, mashine hulazimika kuzima, na kitufe kilichonasa ni sawa na kidole kisichotoka. Cha mwisho nilichofungua kilikuwa kimegandishwa na asali. Tabora, bwana.