Je, wajua kwa nini gemu mpya ya mfululizo wa zamani huzua ugomvi hata kabla haijachezwa?

Tarehe 1 Aprili 2022, Siku ya Wajinga, Ron Gilbert, mwasisi wa Monkey Island, mfululizo wa gemu za kompyuta kuhusu maharamia, aliandika kwamba ameamua kutengeneza nyingine. Watu wakacheka. Siku chache baadaye ikatoka trela, kumbe mzee hatanii, na waliokuwa wakiingoja habari hiyo tangu 1991 nusura walie kwa furaha. Mwezi Juni ikatoka trela nyingine, hii ikionyesha gemu yenyewe ilivyo. Baadhi ya walewale walioshangilia wakamgeuka na kumporomoshea matusi, mpaka akasema hataandika tena habari za gemu hiyo, kwa kuwa hamu ya kuwashirikisha watu imemtoka. Kumbuka hakuna mshabiki hata mmoja aliyekuwa ameigusa. Iliingia sokoni tarehe 19 Septemba, kwa jina la Return to Monkey Island.

Kilichowaudhi ni michoro. Msimamizi wa sanaa, Rex Crowle, alichora nyuso zenye kona kali na pua zilizochongoka, kana kwamba kila mtu amekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya rangi. Sasa mtu angoje miaka 31, halafu avunjike moyo kwa sababu ya pua?

Jibu la haraka ni kwamba binadamu hapendi mabadiliko. Silikubali, kwa sababu mfululizo huu haujawahi kuwa na sura moja. Gemu ya kwanza ya mwaka 1990 ilianza na rangi 16, ikaja kuboreshwa hadi rangi 256. Ya pili, ya mwaka 1991, ilitumia mandhari zilizopakwa kwa mkono. Ya tatu, mwaka 1997, iligeuka katuni kamili, na Guybrush, yule kijana anayetaka kuwa haramia, akarefuka ghafla kama mlingoti. Wapo walionung'unika wakati huo. Leo wengi wanaitaja kuwa nzuri kupita zote kwa macho. Ya mwaka 2000 ikaingia kwenye 3D na kumnyang'anya mchezaji kipanya chake, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuliko pua yoyote. Ya mwaka 2009 ilitolewa kwa sehemu tano. Kati ya hizo Gilbert mwenyewe aliongoza mbili za kwanza tu, akaondoka kwenye kampuni iliyozitengeneza, LucasArts, mwaka 1992, na hadithi ikaendelezwa na wengine.

Mzizi wa ugomvi uko kwenye skrini ya 1990. Ilikuwa na nukta 320 kwa upana na 200 kwa kimo, jumla nukta 64,000. Picha moja ya simu ya kisasa ina mamilioni. Uso wa Guybrush ulitengenezwa kwa nukta za kuhesabu, na jicho lake lilikuwa doa. Rangi nazo ni hizo 16 tu, nyingi zikiwa kali na zisizopatana. Wachoraji kama Mark Ferrari walifanyaje basi kupata anga ya usiku inayofifia taratibu kuelekea baharini? Walipishanisha nukta za rangi mbili, buluu, nyeusi, buluu, nyeusi, kama mtu anayesuka mkeka kwa ukindu wa rangi mbili. Ukiusogelea mkeka unaona kila ukindu. Ukirudi nyuma hatua tatu unaona rangi ya tatu ambayo haimo. Skrini za kioo za zamani zilisaidia kwa sababu hazikuwa na makali. Kila nukta ilivujia kidogo kwenye jirani yake.

Kwa hiyo ile anga haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa kwenye jicho la aliyetazama. Uso wa Guybrush vivyo hivyo: mchezaji alipewa doa, akamalizia mwenyewe pua, kidevu na tabasamu, kisha akaishi na sura hiyo miaka thelathini. Anapokuja mchoraji mwaka 2022 na pua kamili, yenye pembe na kivuli, mchezaji haoni mchoro mpya. Anaona mtu ameingia chumbani kwake na kupaka rangi juu ya picha aliyoichora yeye. Picha mbili za namna hiyo haziwezi kufanana, kwa hiyo hata angekuja mchoraji gani, sehemu kubwa ya watu wangesema, "Huyu siye."

Kuna kichekesho hapa. Jina la Guybrush lenyewe lilitokana na programu ya kuchorea. Watengenezaji walikuwa hawajampa jina, na kipande cha picha katika programu ile huitwa "brush". Faili la yule jamaa asiye na jina, "guy", likahifadhiwa na mchoraji Steve Purcell kwa maneno hayo mawili yakiwa yameungana. Haramia wa watu akapewa jina na faili.

Waliolalamika hawakuwa bila hoja kabisa. Mwaka 2013 Gilbert aliwahi kuandika kwamba akija kutengeneza Monkey Island nyingine, ataifanya kwa mtindo wa nukta kubwa za kizamani, zilizoboreshwa kidogo. Watu huweka maneno kama hayo akilini. Lakini alipoanza kazi kweli aliona mambo vingine, na utetezi wake una uzito: zile mbili za kwanza hazikuwa gemu za kizamani siku zilipotoka. Zilitumia kila kilichowezekana wakati huo. Nukta kubwa haikuwa mtindo, ilikuwa ukomo wa mashine.

Michoro ndiyo iliyopigiwa kelele, ila gemu ilipoanza kuchezwa likajitokeza jambo la pili, la kimyakimya zaidi: mafumbo. Gemu za aina hii hazina mbio wala mapigano ya vidole. Unaokota vitu, unazungumza na watu, unafikiri. Ile ya 1991 ilikupa vitenzi tisa chini ya skrini, kama fungua, funga, sukuma, vuta, toa, na wewe uunganishe kitenzi na kitu mpaka kitokee kitu cha maana.

Fumbo moja la gemu hiyo limebaki kuwa mfano wa ukatili. Kuna pampu inayotakiwa kufungwa ili maporomoko ya maji yakauke na njia ionekane. Mkononi huna spana. Suluhisho: kwenye baa ya kisiwa kingine kuna tumbili anayepiga piano. Unatundika ndizi kwenye kile kidude kinachoyumba kushoto na kulia kupima mapigo ya muziki, tumbili anaikodolea ndizi mpaka anaduwaa na kukakamaa, unamtia mfukoni, unasafiri naye, na unamtumia kukaza nati ya pampu. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani wana aina ya spana ambayo jina lake limebeba neno "tumbili". Fikiria fumbo lililojengwa juu ya ile tunayoiita spana malaya, halafu mpe mtu asiyejua Kiswahili alifumbue. Wachezaji wa lugha nyingine walikwama hapo siku nyingi, na hata Waingereza, ambao huiita spana kwa neno lingine, hawakupona.

Gemu mpya ina dawa ya hayo yote. Kuna kiwango chepesi na kigumu, na Guybrush anatembea na kitabu cha vidokezo kinachokunong'oneza kidogo kidogo kadiri unavyozidi kuuliza. Vitenzi vimeondolewa, ukisogeza kipanya juu ya kitu, unasoma kile Guybrush anachowaza kukifanyia. Wengi wamefurahi. Wengine wanasema imekuwa nyepesi mno, na nadhani hapa wanachokikosa si ugumu wenyewe. Zamani ukikwama, gemu ilikaa nawe. Ulioga ukiwaza tumbili. Ulimuuliza rafiki, naye amekwama mahali pengine, mkabadilishana. Saa nane za kucheza zikawa miezi mitatu ya maisha. Leo ni zilezile saa nane, unazimaliza Jumamosi na Jumapili.

Ila wasisahau kwamba msaada nao si jambo geni. Ile ya 1991 ilikuwa na kiwango chepesi kilichonadiwa, kwa kejeli, kuwa ni cha wanaoanza na waandishi wa magazeti wanaofanya uhakiki. Tena mahali fulani msituni Guybrush anakuta simu, anapiga namba ya msaada ya kampuni iliyotengeneza gemu hiyohiyo anayochezwa ndani yake, na kulalamika kwamba amekwama.

Jambo la tatu ni mwisho wa hadithi. Kama unapanga kuicheza, ishia hapa.

Gemu ya 1991 ilimalizika kwa kitendawili: Guybrush na adui yake LeChuck wanageuka watoto wawili ndani ya bustani ya michezo. Watu wamebishana juu ya hilo miaka yote, wakiamini Gilbert ana jibu kamili mfukoni. Kwenye gemu mpya Guybrush, sasa mtu mzima, ameketi kwenye benchi akimsimulia mwanawe jinsi alivyoitafuta siri ya Monkey Island, ile iliyotajwa tangu jina la gemu ya kwanza. Mwishoni anafungua mlango na kujikuta tena bustanini, kati ya maharamia wa maonyesho, na mchezaji anakabidhiwa funguo azime taa. Sanduku lenye ile siri maarufu likifunguliwa, ndani mna fulana, ya aina ile watalii wanayouziwa getini. Waliotaka jibu walijiona wamechezewa. Wengine walikaa kimya mbele ya skrini, macho yakiwa yamelowa, kwa sababu baada ya mke na mtoto kuondoka, Guybrush anabaki peke yake kwenye lile benchi, hasemi kitu, na hakuna tena cha kubofya.