Daftari la unga si takataka

Juzi tena. Kaka mmoja na dada zake wawili waliniletea, mimi mtunza nyaraka, sanduku la bati lenye jina la marehemu baba yao. Wazazi wao walihudumu pamoja katika ushirika wa uamsho, lile vuguvugu la Kikristo la Afrika Mashariki, tangu walipooana hadi uzeeni. Sandukuni mlikuwa na mahubiri ya Mzee, yamepangwa mwaka kwa mwaka, safi kabisa. Nikauliza, "Na ya Mama?" Wakatazamana. "Mama hakuwa mhubiri. Alikuwa na madaftari ya hesabu za jikoni tu. Tuliyachoma tulipokuwa tunahama Buruburu."

Jibu hilo nalijua kabla halijatoka kinywani. Watu wanaamini kwamba karatasi za mume na mke waliohudumu pamoja ni karatasi za mume, na mke alikuwepo kupika chai. Samahani, ni kinyume. Mahubiri ndiyo yasiyopotea kwa urahisi: Mzee aliyarudia Kabete, akayarudia Kahuhia, na muhtasari wake una hoja tatu na aya ambazo kila ndugu wa timu ya wahubiri alizitumia. Ukiniletea muhtasari mia, nitashukuru, ila sitakuwa nimejua mengi.

Daftari la Mama ni habari nyingine. Ninalo moja ambalo familia fulani ilisahau kulitupa. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa mmoja unasema: unga debe mbili, sukari ratili sita, mafuta ya taa. Pembeni kuna majina tisa ya wageni waliolala, mengine yametiwa msalaba mdogo: hao alikuwa akiwaombea. Chini kabisa, kwa penseli: "Amerudisha jembe." Basi. Anayeujua uamsho ataelewa papo hapo. Mtu aliyeokoka alitubu mbele ya wenzake, kisha akarudisha alichoiba. Hakuna hubiri hata moja la Mzee linalokuonyesha jembe hilo likirudi mlangoni.

Na hili si jambo la pembeni. Historia ya uamsho huwa inaanzia mwaka 1929, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, kisha inakwenda Gahini, Rwanda, ndipo inafika kwetu Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini uliishi majumbani, ukibebwa na walei, na wanawake walisimama kushuhudia na kutubu kama wanaume. Ushirika uliokutana sebuleni umeacha kumbukumbu zake sebuleni na jikoni. Karatasi za Church zimetunzwa vizuri Cambridge. Za wenyeji waliolaza wageni na kuwalisha tunawashia moto wa mahindi.

Barua ndizo zinazonikera zaidi. Mzee akisafiri wiki tatu na timu, Mama alimwandikia. Watoto wakizigawa, barua za baba kwa kaka mkubwa na za mama kwa dada, mazungumzo yamekatika: una majibu bila maswali. Tazama za Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wakati ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau na baadhi wakauawa kwa hilo. Mke anaandika habari za mvua na mbuzi, halafu mstari mmoja: "Hatulali nyumbani." Mstari huo hausomeki peke yake, lazima uone mume aliuliza nini. Kwa hiyo ziacheni kama wazazi walivyoziacha, hata kama zimefungwa kwa kipande cha leso. Msizipange upya kwa tarehe. Fundo hilo nalo lina maana.

Mengine nitayapitia haraka. Eti laminesheni inalinda. Hapana! Joto na plastiki vinashikana na karatasi, na kuvitoa baadaye ni kuirarua. Selotepu vilevile: inageuka njano, gundi inazama ndani. Eti tumeshapiga skani, asili haina kazi: hiyo skani iko kwenye simu ya nani, na simu hiyo itaishi miaka mingapi?

Eti barua alizotumiwa baba ni zetu, tuchapishe kitabu. Karatasi ni zenu, lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeyaandika na warithi wake, na hapa Kenya inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Tafuteni warithi hao kwanza.

Eti humu mna toba za watu, heri tuchome. Hili nalielewa, na wanaouliza hivyo huwa na uso wa aibu ya kweli. Ndugu waliungama nuruni, yaani waziwazi, ndiyo, lakini mbele ya ushirika, si mbele ya kila mtafiti. Dawa yake ni kufunga: tunaandikiana kwamba bahasha fulani isifunguliwe kwa miaka kadhaa, mnaitaja wenyewe. Moto hauna masharti ya namna hiyo.

Na kaseti za konvensheni, ile mikutano mikubwa ya uamsho, tafadhali, msizitie kwenye redio ya zamani "kujaribu kama bado zinaongea". Utepe uliokaa miaka kwenye unyevu hukwama na kukatika mara ya kwanza tu. Zileteni zilivyo, na vumbi lake.