Miguu inayowaka moto usiku: dawa tulizo nazo na zilizo njiani

Mwezi wa tatu aliingia kliniki mama mmoja mwenye kisukari cha miaka 12. Kabla sijamuuliza kitu akavua ndala, akakandamiza nyayo zote mbili kwenye sakafu ya saruji na kufumba macho. "Hapa ndipo ninapopata nafuu, daktari," akasema. "Nyumbani nimehama kitanda. Mwili unalala kwenye mkeka, miguu naiacha sakafuni. Shuka ikinigusa vidole ni kama mtu ananipitishia wembe."

Nikamgusa dole gumba la mguu kwa uzi wa nailoni tunaopimia hisia, ule unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Hakuhisi kitu. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, kimya. Mguu uleule usiousikia uzi ndio unaomnyima usingizi.

Wengi huniuliza ganzi na maumivu vinawezaje kukaa mguu mmoja. Huwa nawapa mfano wa mlinzi wa usiku aliyeugua. Mwizi akipita mbele yake hamwoni, halafu saa nane usiku, mtaa umetulia, anapuliza filimbi mpaka majirani wote wanaamka. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ikiharibika ndivyo ilivyo. Msumari ukiuchoma mguu haitoi taarifa, lakini bila kuguswa na chochote inapeleka ubongoni habari za moto, wembe, sisimizi, shoti ya umeme. Kisukari ndicho ninachokiona zaidi. Wapo pia wanaobaki na maumivu baada ya mkanda wa jeshi kupona, wenye VVU, wenye ukoma, waliotibiwa saratani kwa vinkristini au paklitakseli, na waliobanwa neva kiunoni.

Kwa kuwa shida ni filimbi na si mwizi, dawa za kupunguza uvimbe hazigusi kitu. Mama huyu alikuwa akimeza diklofenaki ya duka la dawa karibu kila siku. Haikumsaidia, na kwa mtu wa kisukari zinazoumia ni figo. Alikuwa pia amechomwa zile sindano nyekundu za vitamini B mara asizoweza kuzihesabu. Kuna wanaozihitaji kweli: aliyetumia metformini kwa miaka anaweza kupungukiwa B12, na anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu anahitaji B6 ili neva zake zisidhurike. Lakini B6 ikitolewa kwa wingi na kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva. Nawaomba wenzangu wa maduka ya dawa walikumbuke hili kila mteja anapolalamikia ganzi.

Nilimwandikia amitriptilini, miligramu 10, ameze kila siku saa mbili usiku. Akarudi baada ya siku nne, pakiti mkononi, amekasirika lakini kwa adabu. "Mwanangu amesoma kikaratasi. Hii ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kwani mimi nimechanganyikiwa, daktari?"

Kosa lilikuwa langu. Foleni ilikuwa ndefu siku ile na sikumweleza. Ni kweli amitriptilini ilianza kutumika mwaka 1961 kama dawa ya sonona. Baadaye ikaonekana kwamba inatuliza maumivu ya neva hata kwa mtu asiye na sonona kabisa, tena kwa dozi ndogo kuliko za sonona. Ubongo una njia zake zinazoshuka kwenye uti wa mgongo kwenda kuzima habari za maumivu zinazopanda. Njia hizo hutumia noradrenalini na serotonini, na dawa hii huziacha kemikali hizo zikae muda mrefu zaidi mahali pake pa kazi. Kwa mfano wetu, ni kumwongezea nguvu msimamizi wa zamu anayemwambia mlinzi: tumekusikia, sasa nyamaza.

Safari hii nilikaa naye bila haraka. Nikamwambia atasinzia, asubuhi mdomo utakuwa mkavu, na choo kinaweza kuwa kigumu. Asihesabu siku, ahesabu wiki. Tutapandisha polepole, 10, 25, 50, pengine hadi 75. Na tukifanikiwa, maumivu yatapungua kwa nusu hivi, huenda yasiishe. Neno hilo la mwisho ni gumu kumwambia mtu anayelala sakafuni, lakini usipolisema ataacha dawa inayomsaidia akidhani imeshindwa. Kwa mzee mwenye tezi dume iliyokua, mwenye presha ya macho, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au mapigo yasiyo sawa, natafuta dawa nyingine. Na pakiti ikae mbali na watoto, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Je, hii ni dawa ya maskini tunayoitumia kwa kukosa bora zaidi? Hapana, na hili nalisema kwa sauti. Mwaka 2025 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa majaribio ya tiba za maumivu ya neva, majaribio 313 kwa jumla. Kipimo chake kikuu kilikuwa hiki: uwape wagonjwa wangapi dawa ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa ndani? Kwa kundi la amitriptilini jibu lilikuwa 4.6. Kwa kundi la duloksetini, dawa nyingine ya sonona, 7.4. Kwa gabapentini na pregabalini, 8.9. Namba ndogo ndiyo nzuri. Kidonge cha zaidi ya miaka 60, cha bei nafuu, bado kiko mbele, ingawa dawa hizi zote zinawaacha wengi bila nafuu ya kutosha.

Gabapentini na pregabalini hushika sehemu ya milango ya kalsiamu kwenye ncha za neva, zikapunguza kemikali inayorushwa kwenda neva inayofuata. Zinaleta kizunguzungu na kuvimba miguu, na figo zikiwa dhaifu dozi lazima ipunguzwe. Zisichanganywe kiholela na dawa za jamii ya mofini, maana kwa pamoja zinaweza kulegeza pumzi. Duloksetini huwafaa wengi wenye kisukari. Maumivu ya ghafla ya uso, yale yanayopiga kama umeme mtu akipiga mswaki, yana dawa yake ya kwanza, karbamazepini. Ukiona vipele unaacha na kurudi hospitali siku hiyohiyo. Dawa moja ikipunguza kidogo tu, kuongeza ya pili ni busara. Jaribio la Uingereza lililoongozwa na Solomon Tesfaye wa Sheffield, lililochapishwa 2022, lilipanga wenye kisukari 130 kwa njia tatu tofauti za kuanza na dawa moja na kuongeza nyingine. Njia zote tatu zilishusha maumivu kutoka wastani wa 6.6 hadi 3.3 kwenye kipimo cha kumi.

Wenye VVU ndio wanaoniumiza moyo. Wengi wao neva ziliharibiwa na stavudini, ARV ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009. Kwao amitriptilini ilijaribiwa Afrika Kusini na haikukizidi kidonge kisicho na dawa ndani. Pregabalini nayo haikukizidi. Hawa wanahitaji kitu kipya kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapomkumbuka bunju. Watu wa pwani wanamjua samaki huyu na wanajua anaua: midomo inapata ganzi, kisha misuli inalegea, kisha pumzi inakatika. Sumu yake huziba milango ya sodiamu, ile inayofunguka ili neva irushe umeme wake. Binadamu ana aina tisa za milango hii, nyingine moyoni, nyingine ubongoni, nyingine kwenye misuli. Lidokeini na karbamazepini huziba aina nyingi kwa pamoja, ndiyo maana ukipandisha karbamazepini mgonjwa anapepesuka. Swali la watafiti likawa: upo mlango unaotumiwa na neva za maumivu peke yake?

Jibu la kwanza lilitoka Pakistan. Kijana mmoja wa huko alikuwa akitembea juu ya makaa na kujichoma visu mikononi mbele ya watu barabarani, bila kusikia maumivu. Alifariki kabla hajatimiza miaka 14, aliporuka kutoka juu ya paa. Mwaka 2006 watafiti wa Cambridge wakaonyesha kwamba watu wa ukoo wake walizaliwa na hitilafu kwenye jeni ya mlango wa sodiamu uitwao NaV1.7. Kampuni nyingi zikakimbilia kutengeneza dawa ya kuuziba, na kwa zaidi ya miaka kumi zikavunjika moyo.

Mafanikio yalikuja kwa jirani yake, NaV1.8, mlango ambao hata sumu ya bunju huushinda kwa shida. Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini ya kampuni ya Vertex, kidonge kinachouziba mlango huo. Neva za maumivu zinautumia, ubongo hauutumii, kwa hiyo hakileti uraibu wa mofini.

Mzee mmoja mgonjwa wangu alinisikilizisha ujumbe wa sauti wa kijana wake aliyeko Marekani: "Baba, mwambie daktari nikutumie hiyo dawa mpya." Nilimweleza kama ninavyowaeleza hapa. Idhini ile ni ya maumivu ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Kwa neva za kisukari, jaribio la awali lilionyesha maumivu yakishuka zaidi ya pointi mbili kati ya kumi, jambo la kutia moyo, na kampuni ikaingia awamu ya tatu, ile ya majaribio makubwa. Kwa maumivu ya neva za kiunoni yanayoshuka mguuni, matokeo ya Desemba 2024 yalionyesha nafuu ya pointi mbili hivi kwa waliopata dawa, na pointi mbili hivi kwa waliopata kidonge kitupu. Isitoshe, mzee huyu anameza rifampisini ya kifua kikuu, ambayo hulifanya ini livunje suzetrijini haraka mno. Nilimshauri kijana wake atume fedha hizo kwa ajili ya viatu vipana na vipande vya kupimia sukari. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niirudie sentensi ile kwenye simu ili kijana aisikie kwa sauti yangu.

Mama wa mwezi wa tatu sasa yuko kwenye miligramu 50. Amerudi kitandani, ila shuka bado anaikunja isifike vidoleni. Uzi wa nailoni bado hausikii. Kidonge kimenyamazisha filimbi, hakikumrudishia mlinzi macho. Kwa hiyo kila jioni mjukuu wake humulika nyayo zake kwa tochi ya simu, akitafuta mchubuko ambao bibi hawezi kuuhisi, na wiki jana aliukuta mmoja, mdogo kama punje ya mchele, chini ya kidole cha nne.