Je, Wajua Kwa Nini Supu ya Kuku Huganda Ikikaa kwenye Friji?

Supu imepikwa jioni, ikapoa, ikaingia kwenye friji. Asubuhi ukifunua sufuria, supu haipo. Kuna kitu kinachotikisika, na ukiinamisha sufuria hakimwagiki. Wengi wakiona hivyo hukata kauli papo hapo: kuku huyu alikuwa na mafuta mengi. Wengine hudhani imeharibika, wakaimwaga.

Mafuta yamesingiziwa. Yamo, lakini hayako hapo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo supu ikitulia hupanda juu na kufanya utando wa manjano. (Supu iliyochemshwa kwa moto mkali ni kesi nyingine kidogo: mafuta huvunjika vitone vidogo mno, supu ikawa na ukungu, na mengine hubaki yamechanganyika humo.) Kwangua utando huo kwa kijiko. Kilicho chini yake ndicho kilichoganda, nacho kinapitisha mwanga, rangi ya dhahabu hafifu. Chukua kidogo cha kila kimoja usugue kati ya vidole. Mafuta yatateleza, na maji matupu hayatayaondoa. Kile cha chini kitageuka maji karibu mara moja, na kikianza kukauka vidole vitaanza kunatana. Kwa hiyo anayemwaga sufuria nzima kwa kuogopa mafuta anatupa kitu ambacho zaidi ya asilimia 90 ni maji.

Kinachoyashika maji hayo ni jelatini, inayotokana na kolajeni, protini inayoshikamanisha ngozi, kano, gegedu na mifupa. Miguu, shingo na mabawa vimejaa kolajeni. Kidari kitupu kina kidogo, ndiyo maana supu yake hubaki majimaji hata ikilala kwenye friji.

Kolajeni ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Umbo hilo lilipendekezwa mwaka 1954 na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha kule Madras, India, na likarekebishwa baadaye. Kamba ikiwa imesokotwa vizuri, maji hayaiyeyushi. Joto likipita sentigredi 60 hivi msokoto huanza kulegea, na kwa saa kadhaa za moto mdogo nyuzi huachana na kuelea zikiwa zimetawanyika kwenye supu. Hiyo ndiyo jelatini. Supu ikipoa, nyuzi hutaka kujisokota tena, ila kila mmoja umeshawapoteza wenzake wa awali. Basi unajisokota na wowote ulio karibu: kipande hapa na jirani huyu, kipande pale na yule. Kamba haipatikani tena. Panatokea wavu uliofungana ovyo pande zote, na maji yananaswa kwenye matundu yake. Inastaajabisha jinsi nyuzi zinavyohitajika chache: jelatini gramu 1 hadi 2 tu katika gramu 100 za supu zinaweza kutosha, mradi baridi iwepo.

Supu isiyoganda basi si lazima iwe mbaya. Pengine maji yalizidi, au kuku alikuwa mzee na hakupewa muda, maana kamba zake zimefungana zaidi na huchelewa kufumuka. Hata kuchemsha kupita kiasi kunaweza kuharibu, kwa sababu nyuzi zenyewe hukatika vipande vifupi visivyoweza kufunga wavu. Wanaosema supu iliyoganda hurudisha gegedu za magoti wanakimbia mbele ya ushahidi. Tumbo huimeng'enya jelatini kama protini nyingine, tena ni protini pungufu, kwani haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini) ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

Wavu huo hufumuka kwenye joto la sentigredi 30 na kitu, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo sababu donge la supu huyeyuka lenyewe mdomoni. Sifa hiyo tamu jikoni ilikuwa kero maabara. Robert Koch, daktari mtafiti wa bakteria huko Ujerumani, alikuwa akiotesha bakteria juu ya jelatini. Akiwapa joto la mwili, sahani zinageuka maji. Tena bakteria wengine waliila jelatini yenyewe. (Mpishi naye azingatie: supu iliyoganda kisha ikalegea yenyewe ndani ya friji itiliwe shaka, ingawa huenda ni umeme tu uliokatika.) Mwaka 1881 Fanny Hesse, ambaye mumewe Walther alifanya kazi kwa Koch, alipendekeza watumie aga, kitu kinachotokana na mwani ambacho yeye alikuwa akigandishia vyakula jikoni kwake. Aga ikishaganda haiyeyuki mpaka karibu sentigredi 85, na bakteria wengi hawaiwezi. Maabara za bakteria zinaitumia hadi leo.